Nyumba Hutazamwa Kiangazi

Siku tuliyomzika Mwaitu Nduku, wanawake wa kanisa walipokuwa wakisugua masufuria makubwa nyuma ya jiko lake, binti yangu Wayua alinishika mkono akanivuta hadi pembeni mwa nyumba, akaniambia amepata nyumba ya kupanga kule Emali. Kazi yake ya kwanza ilikuwa imempeleka huko. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayetangaza uchumba matangani. "Ni safi, mama. Sakafu inang'aa mpaka unaona meno yako. Lakini sijalipa. Nilikuwa nimepanga Mwaitu aione kwanza." Akageuka kutazama lile tuta la udongo mwekundu, ambalo maua yake yalikuwa yameanza kulegea kwa jua. "Sasa itabidi uende wewe." Nilisema nitaenda. Nilijibu upesi mno, kama mtu anayeogopa kwamba nafasi hiyo itapewa mwingine.

Mwaitu, kwa Kikamba, ni mama; na dada mkubwa wa mama yako ni mama yako pia, huna jina jingine la kumwita. Wayua naye alikua akimwita hivyo hivyo, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mama wawili na hakuna aliyechanganyikiwa. Nilirudi jikoni kwake, pale karibu na Wote, nikakaa kwenye kigoda chake kilichokuwa bado na kile kitambaa alichokifunga ili kisimchome, na kupitia dirisha lisilo na kioo nikawasikia wanawake wakimzungumzia. "Alikuwa mkali, yule mama." "Mkali? Alikuja kwangu kuona mtoto mchanga. Hata hajamshika mtoto, ananiambia, nipe maji ya kunywa. Akayaonja hivi, kama amewekewa dawa." "Si alifanya hivyo kila pahali! Hata kwa pasta!" Walicheka mpaka mmoja wao akaanza kulia tena. Mimi nilicheka peke yangu ndani, juu ya kile kigoda, kwa sababu katika watu wote waliowahi kumpa Mwaitu Nduku maji ya kunywa, sidhani kama yupo aliyeyaogopa maji yake mwenyewe kama mimi.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza na mvua ukaisha na mvua. Nilikuwa nimepata kazi Kyuso, katika duka la mbegu na dawa za mifugo, na Wayua, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kufunga vifungo vyake mwenyewe, nilimwacha kwa Mwaitu upande huu wa Makueni. Kutoka Kyuso hadi hapa ni kuivuka Ukambani karibu yote. Kabla sijaondoka Mwaitu alinipa sharti lake akiwa anachagua mawe kwenye ungo wa mahindi, bila kuinua macho. "Tafuta nyumba. Sisemi pahali pa kulala, nasema nyumba. Siku moja nitakuja na huyu mtoto nikiwa sijakuambia. Nikiona hiyo nyumba inaweza kulea mtoto, nitamwacha. Nikiona haiwezi, nitarudi naye. Na usinililie." Nilimwambia sawa. Nilikuwa kijana, nikidhani kupata nyumba ni kupata mlango wenye ufunguo.

Nilifika Kyuso mwezi wa Desemba, na yeyote anayeijua Kyuso atanihurumia kwa hilo peke yake. Desemba, mvua ikiwa imeshuka vizuri, ile nchi hudanganya kama bwana harusi. Ndengu zimechanua mashamba yote, mbuzi wanang'aa, mito ya mchanga ina maji juu ya mchanga, na hata mawe yanaonekana kama yamepakwa mafuta. Bwana Kimanzi, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga iliyokuwa karibu na kanisa, alinionyesha chumba na sebule vilivyopakwa rangi ya kiini cha yai. Madirisha yalikuwa na vioo, mlango ulikuwa wa chuma, na kwenye kona ya uwanja lilisimama tangi jeusi, kubwa kuliko duka nililofanyia kazi. Aliligonga kwa kiganja. Likajibu kwa sauti nzito, sauti ya kitu kilichoshiba. "Hapa maji haijawahi kuwa shida," akasema. "Hapa maji ni ya Mungu." Kisha akauliza, "Bwana anafanya kazi wapi?" Nikamwambia, "Anayefanya kazi ni mimi." Akacheka, akasema mimi ni mtu wa maneno, akanipa ufunguo. Nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa mfugaji halifanyi sokoni. Mbuzi hununuliwa kiangazi, mbavu zikiwa nje na ugonjwa hauna pa kujificha, kwa sababu wakati wa majani kila mbuzi ni mnene. Kila siku dukani niliwasikia wafugaji wakiambiana hivyo, na bado sikuwaza kwamba nyumba nayo ina mbavu.

Siwezi kusema sikuipenda ile nyumba. Asubuhi mwanga uliingia kupitia kioo ukalala juu ya saruji kama paka, nami nilikunywa chai nikiutazama. Kuta zetu hazikufika kwenye mabati. Juu kulikuwa na uwazi mmoja kwa wapangaji wote, ambamo moshi, harufu na maneno vilitembeleana bila kubisha hodi. Jirani yangu wa ukuta, Kavata, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa na mazoea ya kuomba kwa sauti kabla ya kwenda kazini. "Na umkumbuke jirani yangu, Bwana," alisema asubuhi moja, "anayeunguza vitunguu kila siku kama anafukuza nyuki." Nikasema "Amina" kutoka upande wangu. Tukacheka sote wawili, tukawa marafiki. Niliposhindwa na upweke nilimwambia habari za Wayua kupitia ule uwazi, mimi nikikaanga, yeye akipiga pasi. Nilikuwa nimeshamnunulia mtoto godoro dogo. Nililisimamisha ukutani likiwa bado na plastiki yake, na kila nilipofagia nililizunguka kwa heshima, kama mgeni aliyesinzia.

Kiangazi kilipoanza kuuma, kanisa lile la jirani lilinunua tangi lake. Ilikuwa furaha kwao na haki yao. Jumamosi moja wanaume wa kanisa walipanda ngazi, wakafungua mfereji uliokuwa ukitoka kwenye paa lao, wakaugeuza upande wa pili, wakashuka, wakanywa soda, wakaomba, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nikifua, nikiwatazama kama mtu anayetazama shughuli ya wengine. Kavata ndiye aliyeniuliza, "Na umeelewa kimefanyika nini?" Nikamwambia kanisa limepata tangi. "Asi! Mama Wayua! Hebu inua macho." Nikainua. Paa la ploti yetu, refu na jipya na zuri, halikuwa na mfereji hata wa kulambia. Maji yote yaliyowahi kuingia katika lile tangi yalikuwa yakivuka ua kutoka kwenye paa la kanisa, kwa maelewano ya Kimanzi na wazee wa kanisa, na maelewano yale yalikuwa yameisha pale tulipokuwa tumesimama na povu mikononi. Miezi yote hiyo nilikuwa nikinywa kutoka kwenye tangi lile, na sikuwahi kuuliza lenyewe linakunywa wapi. Nilipomfuata Kimanzi, hakuona haya hata kidogo. "Si nilikuambia ni ya Mungu?" akasema. "Sasa Mungu amehamisha. Nunua kwa punda kama wenzako."

Maji ya punda yalitoka kwenye kisima kirefu cha kuchimbwa, nayo yalikuwa na chumvi. Ngozi huyazoea, sabuni haiyazoei. Muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe, hukaa motoni tangu asubuhi na jioni bado unatafuna kokoto. Chai ndiyo huumbuka zaidi. Nilikuwa nimeanza kuinywa bila maziwa nikijiambia ni kwa afya. Mwaitu alikuja wakati huo huo, Septemba, upepo ukizungusha vumbi barabarani, bila kuniambia, kama alivyoahidi. Nilitoka dukani nikamkuta mlangoni, amekaa juu ya mkoba wake, na Wayua amelala magotini pake, viatu vyake vidogo vikiwa vimevuliwa na kupangwa pembeni. Moyo wangu ulijaa ukamwagika. Niliwakaribisha, nikaliangusha lile godoro chini, nikalitoa plastiki, nikawasha jiko, huku nikiongea bila kituo kuhusu rangi ya ukuta, kioo cha dirisha, mlango wa chuma. Mwaitu alisema tu, "Nipe maji ya kunywa."

Akaonja. Aliweka glasi chini taratibu. Wayua, aliyeamka na kiu ya safari, akaichukua, akanywa funda moja, akakunja uso. "Hii imetiwa chumvi kama mboga." Nikasema nitapika chai, chai itakuwa tamu. Nilimimina maziwa nikiomba moyoni kama Kavata, na maziwa yakakatika mbele ya macho yetu watatu, yakawa vipande vyeupe vinavyozunguka kwenye maji ya kahawia. Hakuna kitu kinachonyamazisha nyumba kama chai iliyokatika mbele ya mgeni. "Tangi ile ni ya nini?" Mwaitu akauliza. Nikamweleza. "Kwa hivyo ukapanga nyumba," akasema, "na hukuuliza paa ni la nani." Nilianza kusema kwamba kila mtu Kyuso ananunua maji, kwamba watoto wa ploti nzima wanaishi hivyo hivyo na wanakua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na siku punda ni mgonjwa? Na siku wewe uko kazini na huyu ana homa? Huyu atakunywa nini?"

Walilala, na asubuhi Mwaitu akaanza kukunja nguo za mtoto. Nilisimama na mgongo wangu kwake nikipuliza jiko, na nikamsikia akiimba. Ilikuwa pambio la kanisani, la furaha, analoliimba akipalilia. Alikuwa ananichukulia mwanangu, naye anaimba! Sikulia; hilo nililiweza. Niliwasindikiza hadi stendi, nikamfunga Wayua kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi, naye akaniuliza kama nitaenda kuyatoa chumvi yale maji. Nikamwambia ndiyo. Nilirudi nikitembea kwa hatua ndefu, na kabla sijafika dukani nilikuwa nimekwisha kuamua. Ningepata nyumba ambayo hata yule mwanamke, kwa ulimi wake wote, hangeipatia kosa. Ningeipata kabla ya mvua, kwa sababu sasa ndio wakati nchi inasema ukweli.

Tangu siku hiyo sikwenda tena kutazama nyumba, nilikwenda kuikagua. Nilikwenda saa za chakula cha mchana, jua likiwa kichwani, nikasimama ndani mlango ukiwa umefungwa mpaka nijue mabati yale yatamfanya nini mtoto anayelala mchana. Niliomba maji kabla ya kuuliza kodi. Nilijifunza kwamba swali la kwa nini mpangaji wa kwanza alihama haliulizwi mwenye nyumba; linaulizwa wanawake wanaofua, nao hawalijibu mara ya kwanza, bali baada ya kuwasaidia kukamua shuka. Katika ploti moja waliniambia mwenyewe ana ufunguo wa akiba na huingia "kuangalia taa" wapangaji wakiwa kazini. Katika nyingine nyumba ilikuwa nzuri kila upande, lakini choo cha shimo kilikuwa juu ya mteremko na kisima chini yake, na mwenyewe alikuwa akijivunia vyote viwili. Mahali pengine nilichuchumaa mlangoni nikatazama uwanja kwa kimo cha Wayua, na kwa kimo hicho niliona misumari, shimo la takataka lisilo na ua na mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu mno. Mwenye nyumba mmoja, mzee wa tumbo kubwa, alinitazama nikigonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole akashindwa kuvumilia. "Dada, kwani wewe unapanga nyumba ama unaoa?" Nikamjibu, "Mzee, bwana naweza kumfukuza. Nyumba itanifukuza mimi." Maneno hayo yalifika sokoni kabla yangu. Wauza nyanya wakaanza kuniita Inspekta. "Inspekta, njoo ukague nyanya! Hizi zina paa!" Kavata, kupitia uwazi wetu, aliomba asubuhi: "Na umpe Inspekta nyumba, Bwana, kabla hajakagua mbingu."

Nyumba yenyewe niliipata njiani kwenda kupeleka chanjo za kuku. Ilisimama upande wa soko la mbuzi, ya mawe yasiyopigwa plasta, vyumba viwili, mlango wa mbao uliokaushwa na jua, na haikuwa na rangi hata tone. Hakuna aliyekuwa ameniambia juu yake, kwa kuwa haikuonekana kama kitu cha kuambiana. Nilichokiona mimi kilikuwa chini. Kuizunguka nyumba nzima, sawasawa na ukingo wa paa, kulikuwa na mfuo uliochimbwa na matone, na ndani ya mfuo ule udongo ulikuwa umekwisha kuoshwa, zikabaki kokoto nyeupe, safi, zimepangwa kama shanga. Miaka na miaka ya mvua ilikuwa imeanguka pale. Nilisimama nikizitazama zile shanga kama wengine wanavyotazama dirisha la duka. Paa lile lilikuwa likimwaga mto mzima kila mwaka, na hakuna aliyekuwa amelitegea hata sufuria.

Hapana, alikuwepo aliyelitegea. Mwenye nyumba, Mama Mumo, mjane mwenye mabega ya mwanamume, alikuwa amepanda mipapai upande wa nyuma, ndani ya ule mfuo, na matone yale ndiyo yaliyoinywesha. Aliishi katika nyumba ndogo ya pili uani. Alinikuta nikiwa nimepiga magoti nazichambua kokoto zake. "Umepoteza kitu?" akauliza. Nikasema, "Nimepata. Hii nyumba inapangishwa?" Alinieleza bila kupamba kitu kwamba wapangaji hawakai, wanasema nyumba ni mbaya, haina rangi, inanuka mbuzi siku ya soko. Nikaomba maji. Aliniletea kwenye kikombe cha bati, akasema, "Ni ya chumvi, usinitukane." Nikayanywa yote. Kisha nikamwambia ninachotaka: niweke mifereji kwa mkono wangu, niweke tangi, na maji ya paa lile yawe ya nyumba ile maadamu nakaa humo na mtoto wangu. Alikunja mikono. "Na mipapai yangu itakunywa nini? Soda?"

Tulizozana siku nyingi, nikipita kila nilipotoka kazini. Aliniambia mume wake aliikataa mifereji kwa sababu alisema mvua ni ya ardhi. Nikamwambia ardhi ina mashamba yote, hata paa ilitake? Aliniambia mwanamke asiye na bwana hana haja ya nyumba ya vyumba viwili. Nikamwambia, "Na wewe je, Mama?" Hapo alinitazama kwa muda, na nikaona kwamba nimemkasirisha na kumfurahisha kwa pamoja. Siku iliyofuata alikuwa amenitengea kiti. "Paa lina pande mbili," akasema, kama ambaye jambo hilo limefunuliwa kwake usiku. "Upande wa mipapai ni wangu, usiuguse. Upande wa barabara ni wako." Tukalisema mbele ya wanawake wawili wa kwaya yake, nao wakaitikia, na hakuna karatasi iliyowahi kunifunga kama kuitikia kule. Zamu yangu katika chama chetu cha wanawake wa kuchangiana ilikuwa imefika. Kwa kawaida wenzangu wangeninunulia vyombo vya nyumba, sahani za maua na chupa ya chai. Niliwaomba tangi. "Mwenye tangi bila sahani!" wakanicheka. "Mtakula wapi?" Lakini walilileta, wakilibingirisha wenyewe barabara nzima huku wakiimba, na soko la mbuzi likasimama kuwapisha.

Mifereji niliikunja mwenyewe kutoka kwenye mabati chakavu. Unaliweka bati kwenye ukingo wa ubao, unaligonga taratibu, unarudi mwanzo unagonga tena, mpaka likubali kuwa mdomo. Niliharibu mengi. Mama Mumo alishika ngazi kwa chini, na midomo yake haikupumzika. "Upande huo umeinama. Maji itaenda kwa Kimanzi." "Mama, shika ngazi." "Nimeshika. Wewe ndio hushiki mahali." Mikono yangu ilikatwakatwa, na dukani wafugaji waliponiuliza nilisema nimekwaruzwa na paka. Nikahamia pale tukiwa bado kwenye vumbi, Kavata akibeba godoro dogo kichwani na kulia kwamba sasa ataomba peke yake. Mvua ya kwanza ilipokuja, mchana, ikiwa na ile harufu ya ardhi inayomfanya kila mtu asimame mlangoni, mimi nilitoka mbio nikauvuta mfereji nje ya tangi. Mama Mumo alipiga kelele kutoka kwake, "Wewe! Mbona unaimwaga!" Nikamjibu nikiwa nimelowa mpaka mifupa, "Hii inaosha paa! Ya kunywa ni ya pili!" Na ya pili ilipokuja niliurudisha mfereji, nikaweka sikio langu kwenye tangi, nikasikiliza likianza kujaa kutoka chini.

Mwaitu alikuja tena mwezi wa Desemba. Safari hii nilikuwa nyumbani, na niliwaona kwa mbali, yeye mbele na mkoba, Wayua nyuma akiruka vidimbwi. Hakusalimia kwanza. "Nipe maji ya kunywa." Nilimpa. Akanywa. Akanipa glasi. "Ongeza." Akanywa tena, kisha akatoka nje, nami nikamfuata. Aliufuata mfereji kwa macho tangu mwanzo wake hadi kwenye tangi, akaligonga, akaniuliza paa ni la nani, nikamweleza habari ya pande mbili na wanawake wa kwaya. Akaenda kuiona mipapai. Akaenda chooni, akatazama mteremko. Akaingia ndani, akafunga mlango, akasimama gizani akilisikiliza joto. Akapiga kuta. Akauliza usiku geti hufungwa na nani, na mchana mtoto ataachwa na nani, naye Mama Mumo, aliyekuwa ameshajisogeza mlangoni, akajibu, "Na mimi niko hapa nafanya nini? Ninahesabu mbuzi?" Nikapika chai. Maziwa yakakaa maziwa. Mwaitu aliinywa mpaka mwisho, akageuza kikombe, akatazama chini yake kana kwamba kosa lingekuwa limejificha huko.

Kisha akazunguka tena. Nilisimama katikati ya chumba nikimtazama akigusa dirisha ambalo alikuwa ameshaligusa, akikanyaga sakafu aliyokwisha kuikanyaga, na hasira ikaanza kunipanda, kwa sababu kazi ilikuwa imekamilika na alijua imekamilika. "Kuna kasoro moja," akasema hatimaye. Nikamwambia aiseme. Alikuwa ameketi juu ya lile godoro dogo, magoti yamepanda juu, mkoba mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona kuwa mzee. "Vyumba ni viwili. Hiki ni chako na hiki ni cha mtoto. Sioni pahali pangu." Nikakumbuka lile pambio la Septemba. Alikuwa akiimba kwa sababu alikuwa anarudi naye. Mwaka mzima nilidhani ananinyima mtoto kwa ukali, na kumbe kila nyumba niliyoipata ilikuwa inaiondoa sauti ya mtoto katika nyumba yake mwenyewe. Nililipeleka godoro lake la kesho, ambalo bado sikuwa nalo, mpaka chini ya dirisha, kwa kidole. "Pale, Mwaitu. Pako ni pale." Akapatazama. "Patapigwa na upepo," akasema. "Nitaweka pazia." Akakubali kwa kidevu.

Alipoondoka kesho yake alikunja nguo zake tu, na hakuimba. Mlangoni alitoa kutoka kwenye mkoba kimtungi kidogo cha plastiki, kile cha mafuta ya kupikia, akanipa bila kunitazama. "Nijazie ya kwako. Nikapikie muthokoi." Kule kwake, karibu na Wote, alikuwa na paa lake, na mifereji yake, na tangi lake lililojaa. Nilimjazia mpaka juu. Akaivuka Ukambani yote akiwa na maji ya paa langu mkononi, ule mkono ambao siku zote ulikuwa na mkono wa Wayua.

Jumamosi baada ya matanga, nilikwenda Emali. Mwenye nyumba, kijana mchangamfu mwenye funguo nyingi kidoleni, alianza kutuonyesha sakafu. Wayua alimwacha amalize, kisha akasema, "Kabla hatujaongea kodi, naomba maji ya kunywa." Kijana akacheka, akaleta. Wayua akaonja, akatoka nje, akainua macho kwenye paa, akaufuata mfereji hatua kwa hatua hadi mwisho wake, akauliza paa ni la nani. Akafunga mlango akasimama katika joto. Akaenda kwa wanawake waliokuwa wakifua akawasaidia kukamua shuka. Sikuwa na la kumkumbusha. Nilibaki ndani peke yangu, juu ya sakafu ile iliyong'aa, na nikajikuta nimegusa dirisha moja mara mbili. Nyumba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na chumba kimoja na sebule. Aliporudi, akinifuta jasho la shingo kwa leso yake, akaniuliza, "Mama, umeona kasoro?" Nikafungua kinywa kusema hapana, na macho yangu yalikuwa tayari yanazunguka kuta, moja baada ya nyingine, yakitafuta pahali pangu.